Dawa ya Mbwa Ni ya Nyumba Nzima

Mbwa akijikuna mpaka manyoya yakapukutika, au paka akapiga chafya wiki nzima huku macho yakitoa tongotongo, wengi wetu tunapita njia moja. Tunaingia duka la dawa za mifugo, tunaeleza kwa maneno machache, tunatoa simu kuonyesha picha, tunatoka na dawa. Ukisimama pembeni ya kaunta hizo utaona jinsi mambo yanavyokwenda haraka. Muuzaji anashusha chupa ya OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) ya mililita 100, ile yenye picha ya ng'ombe kwenye kibandiko, anavuta dawa kwenye bomba, anaifunika sindano, anaiviringisha kwenye kipande cha gazeti na kusema, "Mchome leo, kesho kutwa urudie." Hajauliza mbwa ana kilo ngapi. Hajauliza kama ana viroboto. Mwenye mbwa naye hakuuliza ni ugonjwa gani unaotibiwa.

Swali hilo la mwisho ndilo ninaloliandikia. Kama una fedha kidogo ya kumtibu mnyama wako, ya kwanza iende kwenye kujua anaumwa nini, ya dawa ifuate. Nasema hivyo kwa ajili ya mbwa na paka wenyewe, maana wengi wanachomwa dawa isiyowahusu, na nasema zaidi kwa ajili ya watoto na wazee wanaoishi nao. Antibiotiki anayopewa mnyama wa nyumbani haiishii kwake.

Antibiotiki huua bakteria. Haiui virusi, haiui fangasi, haiui utitiri wala viroboto, na haitulizi mzio. Kila mnyama ana bakteria wasiohesabika kwenye utumbo, mdomoni na ngozini, na wengi wao hawana madhara yoyote. Dawa inapoingia, wale dhaifu wanakufa, na wachache wenye uwezo wa kuihimili wanabaki na nafasi tele ya kuzaliana. Ni sawa na kupalilia shamba kwa kung'oa mahindi na kuacha magugu. Kuna jambo baya zaidi. Bakteria hupeana vipande vya vinasaba vyenye uwezo huo wa kuhimili dawa, hata wakiwa wa aina tofauti. Kwa hiyo bakteria mpole aliyemo kwenye utumbo wa mbwa anaweza kuupitisha usugu wake kwa mwingine anayeleta ugonjwa wa njia ya mkojo kwa mama mwenye nyumba.

Na dawa zenyewe ni zile zile. Wapo wanaodhani kuna antibiotiki za wanyama na za watu, kila moja upande wake. Kweli zipo chache zilizotengwa, lakini amoksilini, doksisaiklini, metronidazo na seftriaksoni zinatumika hospitalini kwetu na zinatumika kwa mbwa na paka. OTC yenyewe ni ya ukoo mmoja na doksisaiklini. Seftriaksoni, ambayo mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo huchomwa ili asife, Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu mkubwa. Inasikitisha kuona ikichomwa kwa mbwa mwenye upele.

Onyo hili ni la zamani kuliko wengi wetu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipotoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mjini Stockholm Desemba 1945, aliimalizia kwa kueleza hatari aliyoiona inakuja. Alitoa mfano wa mwanamume anayeumwa koo, anajinunulia penisilini, anatumia kiasi kisichotosha kuua bakteria ila kinachotosha kuwazoesha dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, dawa inashindwa, anakufa. Mfano wake ulikuwa wa watu wawili wa nyumba moja, na kweli ndani ya nyumba ndimo bakteria wanamosafiri kwa urahisi: kitanda kimoja, taulo moja, mikono ile ile. Mweke mbwa au paka mahali pa mwanamume yule, na sehemu kubwa ya kisa inabaki vile vile.

Nchini Marekani kisa cha namna hiyo kilitokea kweli. Kati ya 2016 na 2018, zaidi ya watu 100 katika majimbo mbalimbali waliugua kuhara kulikoletwa na bakteria aitwaye kampilobakta, waliyempata kutoka kwa watoto wa mbwa waliouzwa madukani. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wafanyakazi wa maduka hayo. Bakteria huyo alikuwa sugu kwa dawa ambazo kwa kawaida humtibu. Wachunguzi walipopekua kumbukumbu za watoto wa mbwa 149, walikuta 142 walikuwa wameshapewa antibiotiki, na zaidi ya nusu yao walipewa kwa kinga tu, bila kuumwa. Kila nikisikia mtu akisema "mpe tu, haidhuru kitu," nawakumbuka watoto wa mbwa hao.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, watafiti waliochunguza kaya 99 jijini Nairobi walisoma vinasaba vya E. coli waliowatoa kwa watu na kwa wanyama wa kaya hizo. Bakteria wanaofanana kabisa walipatikana zaidi miongoni mwa watu na wanyama wanaoishi pamoja kuliko kati ya kaya moja na nyingine. Utafiti huo ulihusu hasa mifugo, kuku na mbuzi na wengineo, lakini ua ni ule ule anamolala mbwa wa ulinzi na anamopita paka kuelekea jikoni. Mwaka 2019 pekee, watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo kulingana na idadi ya watu. Tuna hospitali nyingi ambazo dawa ya kwanza ikishindwa, ya pili haipo kabatini au mgonjwa hawezi kuilipia.

Hapa lazima niseme jambo lingine ili pasiwe na anayefukuza paka wake leo usiku. Sehemu kubwa ya usugu unaotuua inatokana na jinsi sisi wenyewe tunavyotumia dawa, majumbani na hospitalini, na sehemu nyingine inatoka kwenye ufugaji wa biashara. Mbwa na paka wana mchango mdogo zaidi. Tena mara nyingine mkosaji ni mtu. MRSA, yule bakteria wa ngozi aliyeripotiwa Uingereza mwaka 1961 na baadaye kuwa msiba wa wodi nyingi duniani, akionekana kwa mbwa mara nyingi amempata kutoka kwa mwenye mbwa. Mbwa ana wa kwake pia, ndugu wa huyo, ambaye katika miaka ya karibuni amekuwa sugu kiasi kwamba waganga wa wanyama wa Ulaya na Marekani Kaskazini wanakutana na vidonda vya ngozi wasivyo na kidonge cha kuvitibia. Mtu mwenye afya humpata kwa nadra. Mwenye kidonda cha upasuaji ni habari nyingine.

Basi tuanze na ngozi, kwa sababu ndiyo inayopeleka mbwa wengi kwenye ile sindano.

Mbwa anayejikuna ana sababu, na bakteria mara nyingi ni mgeni aliyekuja nyuma ya sababu hiyo. Viroboto wanamuuma, anajikwaruza, ngozi inachubuka, ndipo bakteria waliokuwa wamekaa kimya juu ya ngozi wanaingia na kutoa usaha. Au ni utitiri. Au ni fangasi. Au ni mzio wa chakula, wa vumbi, wa mate ya viroboto wenyewe. Ukimchoma antibiotiki, usaha unakauka, unafurahi, na baada ya wiki tatu yote yanarudi kwa sababu viroboto hawajaondoka. Unarudi dukani, safari hii unapewa yenye nguvu zaidi. Mwaka ukiisha mbwa wako ameonja kila kitu kilichomo rafuni, na bakteria wake wameonja vile vile.

Daktari wa mifugo makini hufanya mambo mawili ambayo si ya gharama kubwa. Anachukua kipande cha selotepu angavu, anaibandika juu ya ngozi iliyoathirika, anaibandua na kuitia rangi ya maabara, kisha anaiweka chini ya hadubini. Bakteria wakiwa wengi wanaonekana kama vidoa vidogo vya zambarau, na seli nyeupe za damu zikiwa zimewameza baadhi yao. Fangasi wa aina ya hamira wanaonekana wakubwa zaidi, umbo la yai. Jambo la pili, anakwangua ngozi kwa wembe butu wenye tone la mafuta mpaka damu kidogo ichomoze, maana utitiri mmoja hukaa chini kabisa kwenye vinyweleo. Ukimwona ni mwembamba, mrefu, ana miguu minane mifupi iliyosogea upande wa kichwa. Kazi yote hii haizidi muda wa kunywa chai. Mwambie daktari akuonyeshe na wewe uangalie. Mtu akishaona utitiri kwa macho yake hadai tena sindano ya OTC.

Kama ni viroboto, tibu viroboto: mbwa, paka, na mahali wanapolala, vyote kwa wakati mmoja. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Tahadhari moja kubwa hapa: dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe, na baadhi ya zile za mbwa, zina permethrini au jamaa zake, na humuua paka. Paka anunuliwe dawa iliyoandikwa kwamba ni ya paka. Na usimwogeshe paka kwa dawa ya kuua vijidudu vya nyumbani, ile ya harufu kali inayogeuka maziwa ikichanganywa na maji, akijilamba anaimeza.

Kama ni bakteria kweli, lakini wapo juu juu, dawa ya kwanza siku hizi ni kuosha. Shampuu yenye klorheksidini ya kati ya asilimia 2 na 4, mara mbili au tatu kwa wiki, iachwe juu ya ngozi dakika 10 kabla ya kuisuuza. Dakika 10 ni nyingi ukiwa umemshika mbwa aliyelowa, najua, lakini ndizo zinazofanya kazi. Wanaosuuza papo hapo ndio wanaosema shampuu haisaidii. Vidonge vya kumeza vije pale kuosha kunaposhindikana au ugonjwa umezama ndani. Masikio nayo ni hivyo hivyo: sikio linalonuka na kutoa uchafu wa kahawia hutibiwa kwa kusafishwa na kwa dawa ya matone baada ya kuangaliwa kwa hadubini, na mara nyingi aliyemo ni fangasi au utitiri.

Vidonda vina desturi yao, na hii sijui kama kuna mtaa usio nayo: kufungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya jeraha. Tunawafanyia watoto, tunawafanyia mbwa. Unga ule hauna kipimo, unaganda na uchafu juu ya kidonda, na ni njia nzuri sana ya kuwazoesha bakteria dawa. Chukua nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa, tia kijiko kidogo cha chumvi, nyoa manyoya yaliyozunguka jeraha, osha asubuhi na jioni, mzuie asilambe. Jipu la paka aliyepigana linatibika zaidi kwa kutumbuliwa na kusafishwa na daktari kuliko kwa vidonge.

Kuhara nako kunamaliza dawa nyingi bure. Mbwa mzima aliyechanjwa, anayeharisha lakini bado anachezacheza na kunywa maji, kwa kawaida hupona siku chache bila antibiotiki yoyote. Metronidazo, ambayo watu huiita flajili iwe imetoka kiwanda gani, haihitajiki hapo, na inavuruga bakteria wazuri wa utumbo. Mpe maji kidogo kidogo mara nyingi, wali laini na kuku wa kuchemsha bila kitunguu wala viungo. Lakini ukiona anatapika mfululizo, damu nyingi, ufizi uliopauka, au ni mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa, usingoje kupambazuke. Huenda ni parvo. Hao ni virusi, na kinachookoa maisha ni maji ya dripu na uangalizi. Daktari anaweza kuongeza antibiotiki kwa sababu utumbo uliojeruhiwa unapitisha bakteria kwenye damu, na huo ni uamuzi wake akiwa amemwona mgonjwa.

Mafua ya paka kwa sehemu kubwa ni virusi. Paka mwenye chafya na makamasi mepesi, anayekula, afutwe macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu na akae mahali pasipo na vumbi. Makamasi yakigeuka mazito ya kijani na akaacha kula, mpeleke. Paka dume anayekwenda kukojoa mara kwa mara akijikamua bila kutoa kitu ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa sababu njia imeziba na anaweza kufa. Wala si mgonjwa wa kuchomwa antibiotiki na kurudishwa nyumbani, maana paka vijana wenye shida ya mkojo ni wachache sana walio na bakteria.

Nisieleweke kwamba antibiotiki ni adui. Mbwa mwenye homa ya kupe iliyothibitishwa kwa kipimo cha damu anaihitaji doksisaiklini, kwa kawaida siku 28, na kumnyima ni kumuua taratibu. Mbwa jike aliyejaa usaha kwenye kizazi anaihitaji pamoja na upasuaji. Paka aliyeng'atwa akapata homa anaweza kuihitaji. Kwa ajili ya siku hizo ndipo tunapaswa kuzitunza dawa hizi.

Ukipewa, basi itumie sawasawa. Mnyama apimwe uzito kwanza. Kama hakuna mizani ya wanyama, panda naye kwenye mizani ya kawaida, kisha utoe uzito wako. Uliza jina la dawa, kiasi, mara ngapi, siku ngapi, na daktari anatarajia kuona nini na lini. Wengi tumefundishwa "maliza dozi," na ni kweli hupaswi kukatisha mwenyewe kwa sababu mbwa amechangamka. Lakini usiiongeze pia. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umefupisha matibabu mengi: ugonjwa wa kawaida wa kibofu kwa mbwa, uliokuwa ukitibiwa wiki mbili, sasa hutibiwa siku 3 hadi 5. Kila siku ya ziada ni siku ya kuwazoesha bakteria. Kwa hiyo siku ni zile alizosema daktari, na kama mnyama hajapata nafuu kufikia siku aliyokuambia, mpigie kabla dawa haijaisha, badala ya kwenda dukani kutafuta yenye nguvu zaidi. Kama ugonjwa umekuwa ukirudi, au dawa mbili zimeshashindwa, omba kipimo cha kuotesha bakteria ili ijulikane dawa gani inawaua. Sampuli ichukuliwe kabla ya kuanza dawa nyingine.

Gharama ninaijua. Kumwona daktari wa mifugo mjini ni ghali kwa kaya nyingi, na vijijini anayepatikana ni afisa mifugo mmoja mwenye pikipiki na ng'ombe wa kata nzima. Ndiyo maana simlaumu sana yule muuzaji wa kaunta; amebeba kazi ya mtu ambaye hayupo. Ila njia zipo kuliko tunavyodhani. Vyuo vinavyofundisha madaktari wa mifugo hutibu wanyama pia: Kabete kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, Makerere kule Kampala. Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wenye makao yake Temeke, unaopima sampuli za wanyama. Majirani wanaofuga wanaweza kumwita daktari siku moja na kugawana nauli yake. Na chanjo, pamoja na dawa ya minyoo na ya kupe, hugharimu kidogo kuliko matibabu. Mnyama asiyeugua haombi antibiotiki.

Ukilazimika kuishia dukani, uliza aliyesomea yuko wapi. Kwa sheria, Kenya na Tanzania, antibiotiki hizi ni za cheti. Marekani nako, ambako hadi juzi mtu aliweza kujichotea baadhi yake kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, tangu Juni 2023 zile zenye umuhimu kwa binadamu haziuzwi tena kwa ajili ya wanyama bila cheti cha daktari wao. Sheria yetu ipo, kinachokosekana ni sisi kuidai.

Kabati la nyumbani ni duka lingine lisilo na leseni. Vidonge vilivyobaki vya mtoto si vya mbwa, na vya mbwa si vya mtoto. Dozi zinatofautiana, na zipo dawa zinazoua: paracetamol tunayomeza kwa kuumwa kichwa ni sumu kwa paka, kidonge kimoja kinatosha kumuua, na ibuprofen inatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Enrofloksasini, antibiotiki ya kawaida ya mifugo na kuku, ikizidishwa kwa paka humpofusha. Mabaki yarudishwe famasi au kliniki inayokubali kuyapokea. Usiyatupe chooni wala kwenye mtaro, kwa sababu bakteria wa mtaroni nao wanajifunza.

Chakula ni mlango mwingine. Mbwa wengi mijini wanalishwa vichwa, miguu na utumbo wa kuku, na kuku wa biashara wamepitia antibiotiki nyingi. Chakula hicho ni kizuri kikichemshwa mpaka kiive hadi ndani; kikipewa kibichi, mbwa anakula na bakteria sugu wa bandani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walipopima kinyesi cha watoto wa mbwa wa wiki 16, waliolishwa nyama mbichi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba E. coli sugu. Ubao wa kukatia chakula cha mbwa usiwe ule wa kachumbari, na bakuli lake lioshwe mbali na vyombo vya watu.

Katika nyumba nyingi za Pwani mbwa analala nje, na paka ndiye anayepanda kitandani. Sina ugomvi na paka kitandani, isipokuwa wakati anatumia antibiotiki au ana kidonda kinachotoa usaha. Siku hizo alale kwake. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumpa dawa, kumsafisha kidonda, kuokota kinyesi. Watoto wafundishwe kutolambwa usoni. Mchanga wa choo cha paka uondolewe kila siku, na mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni akifunike. Mbwa hupenda sana kulamba vidonda vya watu, na wapo wazee wanaoamini mate ya mbwa yanaponya. Hayaponyi.

Aliyeng'atwa na mbwa au paka aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Antibiotiki haikingi kichaa cha mbwa hata kidogo, kwa kuwa ni virusi, na mtu aliyeridhika na vidonge akakosa chanjo anaweza kulipia kwa uhai wake. Mgonjwa wa selimundu awe wa kwanza kwenye foleni hata jeraha likiwa dogo, kwa sababu wengu wake mara nyingi haufanyi kazi na yupo bakteria wa mate ya mbwa anayeweza kumwangusha ndani ya siku chache. Hali hiyo ni sawa kwa yeyote aliyetolewa wengu, na anayetumia dawa za saratani asikawie pia.

Na mtu wa nyumbani akiugua, iwe ni jipu linalorudi, mkojo unaochoma usiopona kwa dawa ya kwanza, au kidonda cha upasuaji kinachotoa usaha, mwambie daktari: "Nyumbani tuna mbwa, mwezi uliopita alitumia dawa hii." Beba kikaratasi chenye jina la dawa. Wengi hawasemi kwa sababu hawaoni uhusiano, na madaktari wengi hawaulizi. Kwa taarifa hiyo anaweza kuamua kuotesha sampuli kabla ya kuandika dawa, au kuruka ile ambayo bakteria wa nyumba yenu wameshaizoea. Daktari wa mifugo naye ajulishwe upande wa pili: kwamba mama amelazwa na bakteria sugu, kwamba mtoto ana kidonda kisichofunga, kwamba babu anafanya kazi wodini. Jina la dawa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, uzito wa mnyama siku hiyo: andika hayo kwenye kadi yake ya chanjo, ambayo karibu kila mara ina nafasi tupu upande wa nyuma.